Moli ya hapa Tabora mjini: chini nendeni, juu hamna kitu tena

Kwa wanaouliza kila siku kama ile moli yetu ya katikati ya mji bado inafaa kwenda, jibu langu ni ndio inafaa, ila ujue unaenda kufata nini. Chini kuna huduma nzuri na bei zinaeleweka, ghorofa ya kwanza imebaki nusu, ya pili imekufa. Naandika kirefu kwasababu lile jengo nalipenda, wanangu wamelizoea toka wanajifunza kutembea, na naliona linaisha huku wote tunaangalia tu. Jina silitaji, mtu wa Tabora ukisema moli anajua ni wapi.

Chini kwanza. Zile fremu zinazoangalia barabara zote zina watu, hamna hata moja iliyofungwa. Duka la dawa ni zuri sana, yule dada anasikiliza, anauliza mtoto ana kilo ngapi kabla hajashika chupa ya dawa, na antibayotiki bila cheti hakupi hata ulie, mi namheshimu kwa hilo. Fundi simu wa pembeni yake amenibadilishia kioo mbele ya macho yangu, akanirudishia kile kilichovunjika na akanipa garantii ya mwezi mmoja, na kweli touchi ilipoanza kusumbua nilirudi akarekebisha bila kunidai hata jero. Mawakala wa pesa wapo, ATM ipo na mara nyingi ina hela, steshenari muda wote imejaa wanafunzi wa vyuo vya hapa mjini, Uhazili na AMUCTA, wanaprinti na kubaindi ripoti zao, mwisho wa muhula ukienda saa kumi jioni jiandae kupanga foleni.

Choo cha chini ni kisafi, shilingi 300, kuna sabuni na maji yapo. Wageni wanaweza kuona hili dogo ila sisi tunaokumbuka Tabora kabla maji ya Ziwa Victoria hayajafika tunajua choo chenye maji yanayotiririka katikati ya mji ni kitu gani, hasa kwa mama mwenye mtoto mgongoni ametoka Sikonge na basi la asubuhi.

Mgahawa uko nyuma upande wa paki na kwangu mimi ndo sababu nzuri zaidi ya kwenda pale. Wali nyama 4,000, ugali na kuku wa kienyeji 7,000, mboga wanakuwekea za kutosha, na masika wanapika uyoga wa karanga, ule uyoga mkubwa wa porini kabisa, jamani usipoula hapo utautafuta mji mzima. Msimu wa maembe juisi ni ya embe kweli sio ya unga. Mama mwenye mgahawa anapita meza hadi meza anasalimia, "mwangaluka" kwa wazee, "karibu mwanangu" kwa sisi, na akiona umekaa na mtoto analeta sahani ndogo bila kuombwa. Kasoro ni moja, jioni wanafunga mapema mno, saa moja na nusu viti vimeshapandishwa juu ya meza. Nilimuuliza akasema, "Mama yangu, jengo lenyewe taa za nje hazifanyi kazi, wateja wanaogopa kupita paki gizani, nikae namsubiri nani."

Sasa supamaketi. Hapa lazima niseme ukweli kwasababu hiyo ndo iliyolileta lile jengo mjini na hiyo ndo inaelekea kuliua.

Walipofungua watu tulikuwa tunaenda familia nzima, maziwa ya kila aina, mkate wa moto, mbogamboga kwenye friji, nyama imepimwa, pampasi bei nzuri kuliko sokoni. Leo ukiingia rafu zinaonekana zimejaa mpaka uangalie vizuri. Wamepanga sabuni ya aina moja mstari mzima kuanzia mwanzo mpaka mwisho, tena chupa moja moja mbele, ukisogeza mkono nyuma hamna kitu. Upande wa vyakula vya watoto kuna uji wa aina moja tu. Friji mbili zimezimwa zimewekwa maji ya kunywa. Mkate unaisha saa nne asubuhi na haupikwi tena pale, unaletwa kutoka nje. Angalieni tarehe, hili nalisema kwa herufi kubwa ANGALIENI TAREHE, nimekuta siagi iliyopitiliza na nilipomuonyesha kijana wa rafu akaitoa bila kubisha, yeye hana kosa, anapanga alichopewa. Wahudumu ni wapole na wanajua kazi, ila kaunta nne inafanya moja, na ukitaka risiti ya EFD usubiri mashine iamke.

Hii hali ya rafu sio ya Tabora peke yake na ndo maana inanipa wasiwasi, tumeshaona inavyoenda. Nakumatt, supamaketi ya Kenya, ilichukua maduka ya Shoprite ya Afrika Kusini yaliyokuwa hapa Tanzania mwaka 2014, lilikuwa jina kubwa Afrika Mashariki nzima, na miaka michache baadae ikaanguka. Uchumi, supamaketi nyingine ya Kenya, walishafunga maduka yao ya Tanzania na Uganda 2015. Mwendo ulikuwa ule ule, supamaketi inachukua mzigo kwa sapulaya kwa ahadi ya kulipa baadae, inashindwa kulipa kwa wakati, sapulaya anaacha kuleta, rafu zinapungua, mteja anakuja hapati anachotaka, wiki ijayo haji, mauzo yanashuka na deni linazidi kuwa gumu. Mteja wa supamaketi akiacha kuja basi na yule aliyekuwa akipita kununua viatu vya mtoto juu naye haji. Moli zimejengwa hivyo toka mwanzo, mpangaji mkubwa mmoja analeta watu na wadogo wanaishi kwa wapita njia wake. Ukiona rafu ya supamaketi ina sabuni moja mstari mzima ujue hata wa juu hali yao sio nzuri.

Na kweli panda juu ukaone. Ghorofa ya kwanza bado kuna saluni ya kike (nzuri, wanasuka vizuri na hawavuti nywele, bei iko juu kidogo ya mtaani), kuna fundi cherehani mmoja wa suti na sare za shule, kuna ofisi ya bima, basi. Zingine mageti yameshushwa na karatasi imebandikwa FREMU INAPANGISHWA, karatasi yenyewe imeshapauka. Ghorofa ya pili palikuwa na sehemu ya michezo ya watoto, ile ya mabembea ya plastiki na magari ya kuingiza sarafu, sasa imefungwa kwa kufuli na vumbi, taa za korido nusu zimekufa, lifti sijawahi kuiona ikifanya kazi. Mtoto wangu mdogo bado ananivuta mkono kwenye ngazi kila tukifika, hajakubali kwamba hamna kitu. Mahali pa kumpeleka mtoto siku ya mvua hapa mjini ni pachache sana, ndo maana lile korido linaniuma kuliko hata supamaketi.

Wengi wanasema sababu ni biashara ya onlaini. Mi nilimuuliza mtu aliyekuwa na fremu pale juu, dada mmoja wa viatu na mabegi, mi ni mteja wake toka siku nyingi, sasa anauzia nyumbani kwake Isevya. Alinielezea hesabu yake tukiwa tumekaa sebuleni kwake katikati ya maboksi. Fremu laki tatu kwa mwezi lakini mwenye jengo hapokei ya mwezi, anataka miezi sita kwa pamoja, yaani milioni moja na laki nane kabla hujauza hata kandambili, hapo bado mchango wa ulinzi, jenereta na usafi, umeme wako unanunua luku mwenyewe, na ile kodi ya zuio asilimia 10 ya pango unaambiwa uipeleke TRA wewe mpangaji huku mwenye jengo anataka laki tatu yake kamili, kwahiyo ile 10 inakutoka mfukoni wewe. "Shosti," akaniambia, "Mei mpaka Agosti nilikuwa nauza mpaka nasahau kula, tumbaku ikilipwa watu wa Urambo na Kaliua wanashuka wananunulia familia nzima. Ikifika Desemba watu wako shamba hela yote imeenda kwenye mbolea na ada za Januari, naweza kukaa siku tatu bila mteja, na Januari hiyo hiyo ndo bosi anataka miezi sita yake."

Hapo nikaelewa zaidi ya nilivyokuwa naelewa. Huu mji hela yake ni ya msimu. Tumbaku ina msimu, mpunga una msimu, asali ina msimu, hata mshahara wa mtumishi una tarehe zake. Jengo limewekewa kodi kama vile liko Dar es Salaam ambako kila mwezi unafanana na mwingine. Huyu dada hajahamia onlaini kwa kupenda sana, anapiga picha anaweka stetasi, mteja anatuma hela, bodaboda anapeleka, mzigo wa Nzega na Igunga anapakia kwenye basi kama parseli, na mzigo wake mwenyewe unatoka Kariakoo vile vile kwa basi. Anakiri faida ni nzuri. Ila kuna kitu amepoteza na anakisema mwenyewe, mteja wa kuja kujaribisha. Kiatu kinarudishwa kwasababu kimebana, nauli ya bodaboda anailipa nani, wanagombana na mtu aliyekuwa mteja wake miaka. Wateja wake wa vijijini ambao hawana simu za kuona picha wamepotea kabisa. Nilipomuuliza kama angerudi akasema angerudi kesho kama wangempokea kodi ya mwezi mwezi.

Kwahiyo ukiniuliza mimi, onlaini imepata mwanya tu. Soko Kuu liko hatua chache kutoka pale na limejaa, fremu za barabarani mjini kote zimejaa, mpaka watu wanatoa kilemba, hela ya kumwachisha aliyepo, kuipata. Watu wa Tabora wananunua. Wanachokwepa ni kupanda ngazi kwenda kwenye korido lenye giza kutafuta duka ambalo huenda limeshahama.

Kuna wanaosema basi moli hazifai kwenye nchi yetu. Sikubali. Mlimani City ya Dar ipo toka 2006, imeondokewa na Shoprite, ikaondokewa na Nakumatt, Game, duka lingine kubwa la pale, nao wakafunga 2022, na bado ukienda jioni watu wamejaa. Pale kuna chuo kikuu jirani, kuna benki, sinema, ukumbi wa mikutano, ofisi za simu, mtu anakwenda kwa shida zake na akiwa pale ananunua. Mpangaji mkubwa akiondoka jengo linayumba lakini bado lina sababu zingine za kuishi. Letu lilikuwa na sababu moja.

Na sijui wangapi wanajua kwamba hata aliyebuni hizi moli za ndani hakutaka ziwe maduka matupu. Victor Gruen, mzaliwa wa Vienna, ndo aliyechora Southdale kule Edina, Minnesota, Marekani, ikafunguliwa 1956, moli ya kwanza kubwa iliyofunikwa yote. Kwenye mpango wake palitakiwa kuwe na nyumba za kuishi, shule, huduma za afya, bustani, yaani mji mzima wenye maduka ndani yake. Wenye hela wakajenga maduka na paki za magari. Sasa Wamarekani wenyewe moli zao nyingi zinakufa na baadhi wanarudi kwenye lile wazo la mwanzo. Nashville kuna moli inaitwa One Hundred Oaks, ghorofa ya juu ilikuwa imekosa watu, mwaka 2009 hospitali ya chuo cha Vanderbilt ikahamishia kliniki zake pale juu na maduka yakabaki chini. Burlington, Vermont, duka kubwa la Macy's lililofungwa likageuzwa shule ya sekondari 2021 wakati shule yao haikaliki, wanafunzi wakawa wanapanda eskaleta kwenda darasani.

Mi nikiangalia ile ghorofa yetu ya pili naona kliniki ya macho na meno, watu wanatoka wilayani wanafata huduma hospitali ya Kitete na foleni mnaijua. Naona madarasa ya jioni, mji huu una vyuo vingi, Chuo cha Reli, Uhazili, Ualimu, VETA, vijana wanasoma chini ya taa za barabarani wakati kuna ghorofa nzima tupu ina madirisha makubwa. Ghorofa ya kwanza naona mafundi cherehani kumi mahali pamoja, ukija na kitambaa unachagua. Chini kwenye uwazi wa kuingilia, pale palipokuwa pakiwekwa mti wa Krismasi, wawekwe wamama wa asali na wa matobolwa na michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) kwa meza ya kulipia kwa siku. Mgeni anayepita Tabora anataka asali ya Tabora na hajui aamini ya nani, mtafutieni sehemu moja safi yenye majina ya wauzaji ukutani.

Na tupo mji wa njia panda jamani. Reli ilifika hapa 1912 na mpaka leo treni ya Kigoma, ya Mwanza na ya Mpanda zote zinapita kwetu, watu wanashuka wanasubiri masaa, wanakaa kwenye mizigo yao stesheni. Simba au Yanga wakija kucheza uwanja wa Ali Hassan Mwinyi mji unafurika, mgahawa ule ule mzuri unafungwa saa moja na nusu kwasababu ya taa za paki! Taa tu! Hili halihitaji mwekezaji kutoka nje.

Kwa mwenye jengo, kama hii itamfikia, najua ulikopa kujenga na benki haipokei hadithi, sikuandikii kwa ubaya. Pokea kodi ya mwezi kwa fremu za juu. Shusha ya ghorofa ya pili hata nusu, fremu iliyofungwa mwaka mzima inakuingizia sifuri. Rudisha taa za nje na za korido. Na ongea na wapangaji wote kwa pamoja kuhusu supamaketi kabla haijaondoka, maana ikifunga ghafla mageti yakashushwa siku moja, wale wa chini ambao leo wanafanya vizuri nao watasikia baridi, ingawa naamini wa barabarani watabaki. Wauza dawa na fundi simu wana wateja wao wenyewe.

Manispaa nao kuna cha kufanya. Bodaboda na bajaji wametolewa mbele ya jengo wakapelekwa mbali, mama mwenye mizigo anatembea juani kuwafata, kwahiyo anaamua anunue sokoni ambako bajaji iko mlangoni. Wapeni kipande cha paki, iko nusu tupu siku zote.

Maksi zangu, chini nampa nyota nne, ingekuwa tano kama mgahawa ungefika saa tatu usiku. Supamaketi nyota mbili, na hizo mbili ni za wahudumu. Saluni na fundi cherehani wa ghorofa ya kwanza nne kila mmoja, nendeni mkawaungishe, wapo wazi msidanganywe na giza la ngazi, mlango wa saluni ni wa tatu kulia. Ghorofa ya pili siwezi kuipa kitu.

Muda wa kwenda, Jumatatu mpaka Jumamosi duka la dawa linafungua saa mbili asubuhi, wengine saa tatu. Jumapili wengi wanafungua baada ya ibada, kama saa saba hivi, ila mgahawa unakuwepo toka asubuhi na supu. Uyoga ukitaka uwahi kabla ya saa saba mchana, na piga oda kwa mama siku moja kabla kama mko wengi.